Monowi: Kijiji Ambacho Meya Anajipigia Kura Mwenyewe

Kuna bibi mmoja huko Nebraska, Marekani, ambaye kwa miaka mingi kila uchaguzi ukifika anabandika tangazo la uchaguzi wa meya kwenye baa yake mwenyewe, anagombea mwenyewe, anapiga kura mwenyewe, anashinda, alafu anaendelea kukaanga baga. Akishaapa, kwa namna ya kusema, kazi inayofuata ni kujitoza kodi. Kama dola 500 hivi kwa mwaka, zinatoka mfuko wa kulia zinaingia mfuko wa kushoto, ili taa 4 za barabarani ziwake na maji yatoke. Mimi najua halmashauri kadhaa ambazo zingetakiwa kwenda kule kusoma mfumo wa ukusanyaji mapato, maana kwa kweli hakuna wa kukwepa.

Bibi anaitwa Elsie Eiler na kijiji ni Monowi, kipo kaunti ya Boyd, kaskazini kabisa ya Nebraska karibu na mpaka wa South Dakota, katikati ya mto Niobrara na mto Missouri. Mwaka 2004 mumewe mzee Rudy alifariki, na kuanzia hapo Monowi ikawa kijiji pekee Marekani nzima chenye serikali yake halali na mkazi mmoja. Meya yeye, karani yeye, mweka hazina yeye, mkutubi yeye, mwenye baa yeye. Ukiwa na malalamiko kuhusu serikali ya kijiji, unamwambia huku anakuongezea kahawa.

Mi naendesha lori. Nakaa Omaha, na kipindi fulani tulikuwa tunapeleka makapi ya mahindi yanayobaki kwenye viwanda vya ethanoli, wafugaji wa kaskazini wanalisha ng'ombe. Kwa hiyo barabara namba 12 naijua, na kama hujawahi kupita huko nikwambie tu kwamba picha ya Marekani unayoiona kwenye simu, maghorofa na mataa, ifute kabisa. Ni mbuga. Nyasi, vilima vinavyopanda na kushuka taratibu, uzio wa seng'enge, ng'ombe weusi, nyasi tena. Unaweza kwenda muda mrefu hujapishana na gari na ukipishana nalo dereva anakunyooshea kidole kimoja juu ya usukani, ndo salamu ya huko, na wewe unanyoosha chako. Nikiwa mgeni nilidhani wananifananisha na mtu.

Monowi inaanza na bango la kijani, jina na namba 1 chini yake. Nilisimama pembeni. Ilikuwa Jumatatu na baa Jumatatu inafungwa, siku nyingine sita inafanya kazi kutwa nzima, ila ratiba ya lori haibembelezi mtu kwa hiyo nikaishia kuzunguka kwa miguu. Baa ni jengo jeupe la mbao, rangi imebanduka sehemu inayopigwa na upepo. Ng'ambo kuna nyumba ambazo paa limeingia ndani na miti imeota pale palipokuwa sebule, kuna trela zimeliwa na kutu, kuna kanisa lililobaki mbao tupu. Na kuna kibanda kidogo kisafi kabisa chenye kibao, hiyo ndo maktaba.

Ngoja niongelee maktaba kwanza maana ndo iliyonifanya nianze kusoma habari za hiki kijiji badala ya kupiga picha na bango nikaondoka. Mzee Rudy alikuwa msomaji. Maisha yake yote alikusanya vitabu, na ndoto yake ilikuwa ajenge maktaba hapo kijijini, sasa kansa ikamuwahi. Familia ikamalizia. Vitabu kama 5,000, vimepangwa kwenye shelfu ndani ya kibanda ambacho ukubwa wake ni kama duka la Mpesa lililochangamka, na hakuna anayekulinda, unachukua kitabu unarudisha ukimaliza. Yaani vitabu 5,000 kwa mkazi mmoja. Chukua shule yoyote unayoijua kwetu, gawanya vitabu kwa wanafunzi, alafu tulia kidogo.

Sasa swali ambalo kila nikimsimulia mtu anauliza: ilikuwaje? Watu walienda wapi, vita, ugonjwa, mafuriko? Hakuna. Ni kitu cha kawaida sana, na kuna vijiji vya hivo mamia huku kwenye mbuga, sema Monowi ndo imefika mwisho wa mstari.

Ilianza mwaka 1902 reli ilipofika. Hapa inabidi uelewe kitu kimoja, kwamba vijiji vya mbugani huku havikuzaliwa kama vya kwetu. Kwetu Kongwa, Tanzania, babu alikuwa anatusimulia jinsi Operesheni Dodoma ilivyokuja mwaka 1971, watu walikuwa wametawanyika kila mtu na zizi lake huko alikozoea, wakaambiwa sogeeni mkae pamoja, serikali iwaletee shule na maji na zahanati. Watu kwanza, huduma baadae (na huduma zingine mpaka leo, basi tu). Huku ilikuwa kinyume chake kabisa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 bure, sharti akae juu ya hizo ekari zake, ajenge, alime, kwa miaka 5. Mtu wa kwanza kabisa kuandikishwa alikuwa hapahapa Nebraska, bwana mmoja anaitwa Daniel Freeman, tarehe 1 Januari 1863. Kwa hiyo serikali yenyewe iliwalazimisha watu wakae mbalimbali, jirani yako ni moshi unaouona kule. Ekari milioni 270 ziligawiwa nchi nzima kwa mtindo huo, na Nebraska karibu nusu ya jimbo.

Mkulima hakai kijijini, anakuja kijijini. Anakuja na mkokoteni wa farasi umejaa nafaka, auze, anunue sukari na misumari, apitie posta, arudi kabla giza halijaingia. Na kampuni za reli zilijua farasi anachoka wapi, ndo maana ukiangalia ramani za zamani utaona vijiji vimepangwa kwenye njia ya reli kwa umbali unaokaribiana. Monowi ilikuwa moja ya hizo shanga. Miaka ya 1930 ilifikisha watu kama 150, ina maduka, mgahawa, posta, shule, kanisa, maghala ya nafaka. Lakini wale watu 150 hawakuwa wakulima wengi, walikuwa wanaowahudumia wakulima. Farasi alipoondoka, sababu ya kijiji ikaondoka naye, ikabaki mazoea. Mazoea yalichukua miaka 70 kuisha.

Kabla sijaenda huko kuna kitu hakiandikwi kwenye lile bango. Hiyo ardhi haikuwa tupu. Eneo hilo la mto Niobrara ni nchi ya Waponca, kabila la wenyeji wa asili. Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilisaini mkataba na Wasioux, kabila lingine la wenyeji wa asili, na ndani yake ikawapa ardhi ya Waponca kimakosa, yaani kosa la makarani, alafu badala ya kufuta kosa mwaka 1877 wakawahamisha Waponca kwa nguvu kuwapeleka kusini, huko inakoitwa Oklahoma leo. Wengi walikufa. Mmoja wa waliokufa alikuwa mtoto wa chifu Standing Bear, na kijana alikuwa ameomba azikwe kwao Niobrara. Januari 1879, katikati ya baridi, chifu akabeba mifupa ya mwanae akaanza kurudi kwa miguu na watu kama 30.

Jeshi likawakamata. Kesi ikasikilizwa Omaha, mji ninaokaa mimi, na swali mbele ya jaji Elmer Dundy lilikuwa hili, usicheke: je, huyu ni mtu? Kisheria, ana haki ya kuiuliza mahakama kwanini amefungwa? Serikali ilisema hapana. Mei 1879 jaji akasema ndio, ni mtu, muachieni. Chifu akaenda kumzika mwanae. Sanamu yake ipo Washington, kwenye jengo la Bunge, Nebraska waliipeleka mwaka 2019. Na kipindi hicho cha kesi katiba ya Marekani ilikuwa inasema kwenye hesabu ya watu ya kugawana viti vya bunge wenyeji wa asili wasiolipa kodi wasihesabiwe. Kwa hiyo kaeni na hilo kichwani, kwamba kuhesabiwa huku hakujawahi kuwa kitu cha kumhesabu tu aliyepo, kila wakati kuna mtu anaamua nani anaingia kwenye karatasi.

Haya, turudi Monowi. Bibi Elsie alizaliwa kwenye shamba nje kidogo ya kijiji. Alikutana na Rudy shule ya msingi, ile ya chumba kimoja madarasa yote mwalimu mmoja. Sekondari wakawa wanapanda basi kwenda Lynch, mji wa jirani. Rudy akaenda jeshi la anga akapelekwa Ufaransa kipindi cha vita ya Korea, Elsie akaenda Kansas City kufanya kazi kwenye kampuni ya ndege, na moyoni alitaka kuwa mhudumu wa ndani ya ndege. Fikiria hapo. Binti ametoka mbugani ameshafika mjini, mlango wa dunia ameuona. Akarudi. Akaolewa na miaka 19 wakakaa, wakazaa watoto wawili.

Na waliporudi kijiji kilikuwa kimeshaanza kuchuja. Trekta zimeingia, mtu mmoja analima eneo walilokuwa wanalima kumi. Nebraska mwaka 1935 ilikuwa na mashamba zaidi ya 130,000, saivi yako kama 45,000, na shamba la wastani ni karibu ekari 1,000 wakati sheria ilianza na 160. Mashamba yaliyokuwa na familia nne sasa yana familia moja, na hiyo familia moja ina gari, inaenda supamaketi ya mbali kwa saa moja na inajaza friza. Kaunti nzima ya Boyd mwaka 1910 ilikuwa na watu zaidi ya 8,000. Mwaka 2020 hawakufika 2,000.

Mazishi ya mwisho kwenye lile kanisa yalikuwa mwaka 1960, na aliyezikwa alikuwa baba yake Elsie. Posta ikafungwa 1967. Maduka yakafuata ndani ya miaka mitatu hivi. Mwaka 1971 ndo Elsie na Rudy wakafungua baa, ambayo mi naiona kama jeuri fulani hivi, wenzio wanafunga wewe unafungua. Shule ikafungwa 1974. Watoto wao wenyewe wakaondoka kutafuta maisha, na huwezi kuwalaumu. Sensa ya 1980 wakabaki 18. 1990, 6. 2000, wawili, mke na mume. Alafu mmoja.

Kwa sheria ya Nebraska ukitaka kuanzisha kijiji unatakiwa uwe na watu wasiopungua 100. Kwetu sheria ya vijiji ya 1975 ilisema kaya 250. Lakini kuanzisha ni kitu kimoja na kuendelea kuwepo ni kingine, kijiji kikishasajiliwa watu wakipungua hakijifuti chenyewe, kinakufa karatasi zisipojazwa. Na bibi alikuwa anajaza. Leseni ya pombe inatakiwa iidhinishwe na kijiji: anaandika maombi kama mwenye baa, anayapokea kama karani, anasaini, anajikabidhi. Kila mwaka anaandaa mpango wa barabara za kijiji apeleke jimboni ili fedha za jimbo zije. Mpango wa barabara! Za kijiji ambacho msongamano wake ni yeye akitoka nyumbani kwenda kazini.

Wengi wanaichukulia kama kichekesho na hata mimi nimecheka, ila ukikaa nayo unaona kwamba hicho ndo kilikuwa kitu cha mwisho kushikilia. Nyumba zimeanguka, treni imeenda, shule hakuna, kilichobaki ni saini. Akiacha kusaini mwaka mmoja au miwili, Monowi inakuwa jina la eneo tu kama majina mengine mia ambayo yapo kwenye ramani ukifika unakuta mti.

Kuna mfano wa pili wa kulinganisha, Buford, huko Wyoming. Nayo ilikuwa maarufu kwa kuwa na mtu mmoja, ila ile haikuwa na serikali yake, ilikuwa sheli na duka na nyumba pembeni ya barabara kuu. Mwaka 2012 mwenyewe alichoka akapiga mnada, ikanunuliwa dola 900,000 na mfanyabiashara kutoka Vietnam aliyetaka kuuzia kahawa yake. Monowi hata ukija na hela huwezi kuinunua kirahisi hivo, maana utanunua majengo, umeya utaupata wapi, inabidi uhamie upigiwe kura. Ila makampuni yameshaiona. 2018 kampuni moja ya sandwichi ilienda kutandaza hapo bango la matangazo kubwa kuliko yote duniani, kwenye kijiji cha mtu mmoja. Watu wa matangazo wana akili zao.

Sasa kitu ambacho lile bango la namba 1 linakuficha ni kwamba ile baa haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Ndani kuna maandishi yanayotangaza kwamba hapo kuna bia baridi kuliko zote mjini, na hakuna anayeweza kubisha. Wenzangu madereva waliobahatika kupita siku sio Jumatatu wanasema ukifungua mlango unakuta meza zimejaa, wafugaji, mafundi wa umeme, wawindaji, wazee wanacheza karata tangu asubuhi, vijana ambao babu zao walikuwa wanakuja hapohapo. Watu wanaendesha kutoka mbali, saa nzima na zaidi, kuja kula baga na kuulizana ng'ombe wanaendeleaje na fulani alifanyiwa upasuaji lini. Habari za vifo zinapita hapo. Za harusi zinapita hapo. Kijiji kipo, sema kimelala kila mtu kwake, kama kilivyokuwa tangu ile sheria ya ekari 160. Sensa inahesabu mtu pale anapolala, na huku mbugani alipo mtu kulala na kijiji chake ni vitu viwili tangu siku ya kwanza.

Alafu ikaja sensa ya 2020. Matokeo yakatoka: Monowi, watu 2.

Wawili! Waandishi wakampigia bibi, mwenyewe akashangaa kama wewe unavyoshangaa, huyo wa pili ni nani na analala wapi, maana nyumba inayokalika ni yake tu. Maelezo ya watu wa sensa yalikuwa kwamba hakuna mtu aliyehamia. Ni kompyuta. Sheria inawakataza kutoa taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu mmoja mmoja, na kwenye kijiji cha mtu mmoja takwimu yoyote ni taarifa yake binafsi, umri wa wastani wa kijiji ni umri wake, idadi ya wajane ni yeye. Kwa hiyo wakaweka mfumo wa kuchezea kidogo namba za sehemu ndogo, hapa inaongezwa kidogo kule inapunguzwa, jumla ya jimbo inabaki ileile. Mahali fulani Nebraska kuna kijiji kilipunguziwa mtu wa kweli ili Monowi ipate mtu wa uongo. Ili kumficha bibi ambaye dunia nzima inamjua kwa jina, ambaye waandishi wa mabara yote wamekula baga zake. Nilicheka peke yangu kwenye lori.

Na mimi mwenyewe? 2020 fomu ilikuja Omaha nikajaza, nikahesabiwa, kwenye ile jumla ya Nebraska mmoja wao ni mimi. Miaka miwili baadae ikaja sensa ya nyumbani, ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na pale utaratibu unasema anaandikwa aliyelala kwenye kaya usiku huo. Karani kafika kwa mama Kongwa, kijana mstaarabu tu na kishikwambi chake, kauliza waliolala humu ni wangapi. Mama katutaja wote. Mdogo wangu aliyekuwepo ndo aliyenisimulia, anasema karani alivyoelewa kwamba mimi niko Marekani na mwingine yuko Mwanza akamwambia hapana mama, hao hawakulala hapa. Mama akamuuliza kwani chumba chao umekiona kina mtu mwingine? Karani akasema utaratibu hauruhusu. Wakabishana mpaka chai ikapoa, mwishoe mama akajaribu kulegeza, akamwambia basi mwanangu niandikie hata pembeni. Kijana akageuza kishikwambi akamuonesha, akasema shikamoo mama, hiki hakina pembeni.